Nilivyoikana Saini Yangu

Saini ile ilikuwa yangu. Niliiweka mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya ofisi ya benki hapa Korogwe, kwenye karatasi yenye picha yangu ndogo iliyobandikwa pembeni. Wakili aliyeletwa na benki aliniuliza mara tatu kama nimeelewa. "Mama, kampuni ikishindwa kulipa mkopo, nyumba inauzwa. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Akauliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikacheka kidogo, nikamtazama mume wangu aliyekuwa amevaa lile koti analolivaa kwenye harusi za watu, nikasema hakuna. Binti wa mikopo aliyekaa ng'ambo ya meza akanipa kalamu yake, nami nikasaini.

Naliweka hili mbele kwa sababu kuna miezi kumi katika maisha yangu ambamo niliwaambia watu, na nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba halikutokea.

Mume wangu ni Mzigua wa Kwaluguru, wilaya ya Handeni. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa Vugiri, juu kule kwenye baridi. Tulikutana Korogwe na tukajenga Old Korogwe, si mbali na mto. Nyumba ilichukua miaka tisa kusimama. Msingi ulikuwa wa pesa yake, kuta zilikuwa za wote wawili, na bati lilikuwa langu. Nilikuwa na duka dogo la dawa muhimu, na kila mwezi uliokwenda vizuri nilinunua bati mbili, nikaziegesha kwenye stoo ya jirani mpaka zikatosha. Siku fundi alipopigilia bati la mwisho nilikaa chini nikiangalia juu mpaka shingo ikauma.

Wakati huo yeye alikuwa mnunuzi wa mahindi. Alizunguka vijijini, akakusanya, akauza mjini. Halafu yeye na rafiki yake wa Handeni wakasajili kampuni ya kusaga na kufungasha unga. Mkopo ulinunua mashine kubwa ya kukoboa na kusaga, ukanunua na lori. Unga ukaanza kutoka kwenye mifuko myeupe yenye chapa. Watu wakaanza kumwita mkurugenzi. Alikuwa akiona haya akiitwa hivyo mbele yangu, lakini hakuwakataza. Na mimi nilipenda kuitwa mke wa mkurugenzi. Nilibadilisha makochi, nikamhamishia binti yetu mkubwa shule ya kulipia. Siwezi kusema nilisukumwa kwenye jambo lile. Nililitaka.

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Mwaka wa tatu mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Dar es Salaam alichukua shehena tatu za unga kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, akahamisha ofisi. Msimu huohuo mvua za vuli zilikatika mapema na mahindi yakapanda bei kila wiki. Mashine ikawa inasimama siku tatu, inafanya kazi moja. Rafiki yake akasema anakwenda Morogoro kutafuta mtaji. Simu yake ikaita siku chache, kisha haikuita tena.

Ndipo mume wangu akafanya kitu ambacho hakuniambia. Alikwenda kwao Kwaluguru, akawaomba ndugu na majirani wampe mahindi kwa mkopo, asage, auze, awalipe. Watu kumi na mmoja walimpa. Hawakudai dhamana yoyote, maana walimjua tangu anachunga mbuzi. Aliyempa mengi kuliko wote ni shangazi yake, mama mtu mzima aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Shangazi alifungua ghala lake lote akampa gunia thelathini na mbili. Wengine walipewa karatasi zilizochanwa kwenye daftari, zenye muhuri wa kampuni. Shangazi alikataa karatasi. Alisema atawezaje kuandikiana na mwanawe. Mume wangu ndiye aliyemlazimisha aichukue.

Unga ule uliuzwa. Pesa yake ilikwenda benki kulipa marejesho ya miezi iliyopita, na bado haikutosha.

Nilijua mambo yameharibika siku yule binti wa mikopo alipokuja dukani kwangu. Alinunua dawa ya kichwa, akaomba maji, akaimeza palepale. Kisha akasema, "Mama, shikamoo. Nimetumwa, lakini nimeona nianze na wewe kabla ya barua." Akanieleza kwamba kampuni bado inadaiwa marejesho ya miezi sita, na kwamba mume wangu amepokea barua tatu. Barua zenyewe nilizikuta jioni hiyo ndani ya koti lake, zimekunjwa mara nne. Nilimwekea mezani karibu na sahani ya chakula. Akazitazama, akanawa mikono, akala kidogo, akanawa tena.

"Nilitaka kukuambia nikiwa na jawabu," alisema.

Notisi ya siku sitini ilifuata. Kabla siku hizo hazijaisha ukaja wito wa mahakama kutoka Handeni. Wale watu kumi na mmoja walikuwa wameishitaki kampuni. Aliyetajwa wa kwanza alikuwa shangazi.

Nilifuatana na mume wangu siku ya kwanza ya shauri. Tuliwakuta wale watu nje ya mahakama wamekaa kwenye benchi, wamevaa nguo zao za sikukuu. Mmoja wao, mzee wa Kimasai aliyekuwa ameanza kilimo miaka ya karibuni, aliegemea fimbo yake asituangalie. Mume wangu alimwendea shangazi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wazima?"

"Wazima."

"Mkwe wangu, na wewe hujambo?"

Nikamwamkia. Tukasimama. Kisha yeye mwenyewe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sikukushitaki wewe. Nimeambiwa nimeshitaki kampuni, kwamba kampuni ni mtu mbali na wewe ni mtu mbali. Basi nimekuja nimwone huyo mtu. Mahindi yangu nilimpa mwanangu, nimeambiwa aliyeyala ni mwingine."

Tulipoitwa ndani mume wangu hakubishana. Aliulizwa kama kampuni inadaiwa, akasema ndiyo. Hukumu haikuchelewa: kampuni ilipe. Lakini ilipe kwa kitu gani? Lori lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na benki. Mashine ilibaki, imefungiwa kwenye banda la kupanga, na mwenye banda naye alikuwa anadai kodi.

Baada ya hapo tulikwenda kwa wakili Tanga. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye meza iliyojaa mafaili. Alizisoma karatasi zetu, akarudia ile yenye picha yangu, akaigonga kwa kidole.

"Njia ipo," alisema. "Hii ni nyumba ya familia. Sheria inataka ridhaa ya mke. Mama akisema hakuridhia, kwamba saini hii si yake, dhamana inaanguka. Benki itabaki kuidai kampuni, na kampuni haina kitu."

"Lakini nilisaini," nikasema.

Akanitazama kwa upole, kama mwalimu anayemwongoza mtoto kwenye jibu. "Mama, mimi sikuwepo. Nakuuliza wewe, na nakuomba ufikiri kabla hujajibu. Unakumbuka kusaini?"

Mume wangu aliangalia sakafu. Niliwafikiria watoto, nikalifikiria bati langu. Niliifikiria na benki, lile jengo lenye kiyoyozi na mlinzi mlangoni, nikajiambia kwamba jengo haliumii. Nikasema sikumbuki.

Kiapo kiliandikwa siku hiyohiyo. Kilisema kwamba mimi, Muislamu, mkazi wa Korogwe, sikuwahi kushirikishwa wala kutoa ridhaa, na kwamba saini iliyopo imeghushiwa. Nilikisoma chote. Kisha nikaapa, nikashika kalamu nisaini. Wakili akanizuia mkono kabla kalamu haijagusa karatasi. "Siyo kama zamani, mama. Tafuta saini nyingine. Na kuanzia leo tumia hiyo tu."

Kwa hiyo nikajifunza kusaini upya. Saini yangu ya zamani ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma. Hii mpya ilikuwa herufi mbili zilizosimama. Nilisaini hivyo nilipopokea dawa kwa muuzaji wa jumla, akalinganisha na vitabu vyake, akaniuliza kulikoni. Nilisaini hivyo kwenye ripoti ya shule ya binti yetu. Alikuwa kidato cha tatu, ana macho makali. "Mama, mbona siku hizi unaandika kama mtu mwingine?" Nikamwambia mkono unauma. Akaniletea dawa ya kuchua, akanichua mkono ule, taratibu, kila kidole. Nilimwacha anichue.

Baraza la Ardhi na Nyumba likatoa zuio la muda. Mnada ukasimama. Dalali alikuwa amekwisha kuandika ukutani kwetu kwa rangi nyekundu kwamba nyumba inauzwa. Tulipiga chokaa juu yake, lakini maandishi yakawa yanaonekana kwa chini. Majirani walinipongeza. "Hongera, mama, umewaweza. Wamezoea kuwanyang'anya wanyonge." Nikaitikia hongera zile kama mwenye kustahili. Mume wangu aliongea kidogo sana miezi ile. Aliswali kila swala msikitini, akirudi anakaa kwenye kiti cha nje mpaka jua linamfuata.

Kisha siku moja, kabla ya adhuhuri, yule binti wa mikopo akaja tena dukani. Hakuvaa sare ya benki. Alikuwa na ujauzito ambao mara ya kwanza hakuwa nao.

"Mama, shikamoo."

Nikaitikia marahaba kwa shida.

"Sikuja kwa ubaya. Nimesimamishwa kazi. Kwenye ile karatasi aliyeandika kwamba alikuona ukisaini ni mimi. Kama hukusaini, basi nimeghushi. Wanachunguza, na wameniambia inaweza kufika polisi." Alisema yote hayo amesimama, ameshika ukingo wa kaunta. "Nilikupa kalamu yangu, mama. Ya bluu, ilikuwa haiandiki vizuri, ukaitingisha. Unakumbuka?"

Kulikuwa na mteja ananisubiri nimhesabie vidonge. Nikavihesabu vibaya, nikarudia. Mteja alipotoka, binti alikuwa bado amesimama.

"Unataka nini?" nilimuuliza. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Sitaki kitu. Wakili wa benki amenikataza hata kuja hapa. Nilitaka tu uniangalie, unijue ni nani." Akasema kwa heri, akatoka. Nilimwona akivuka barabara polepole, amejishika kiuno.

Nilikuwa nimejiambia kwamba jengo haliumii. Sikuwa nimefikiri kwamba ndani ya lile jengo kulikuwa na mtu, na kwamba nikiisukuma lawama iende mbali lazima imwangukie mtu fulani.

Nilifunga duka mapema. Nyumbani nilimkuta mume wangu nje baada ya alasiri. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisema kweli nyumba imekwenda," nikamwambia.

"Najua."

"Tutatoka hapa na vitanda vyetu, watu wanatuangalia."

"Najua, mama watoto. Nimekwisha kumpoteza shangazi. Nikipoteza na nyumba sitakuwa na uso wa kuonekana mahali popote."

"Uso gani tunao sasa?"

Nilijuta mara neno lilipotoka. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Fanya unavyoona," alisema. "Mimi nilikuingiza, sitakushika mkono usitoke."

Wakili nilipomweleza alikasirika, kisha akatulia. Alisema ninaweza kuliondoa shauri kimyakimya, bila kusema lolote, nisijitie hatarini.

"Na yule binti?" nikauliza.

"Hilo ni la benki na mtumishi wake."

Nikamwambia basi siliondoi. Nitasimama niseme.

Siku ya kusikilizwa, chumba cha baraza kilikuwa na joto na feni moja isiyofanya kazi. Mwenyekiti alikuwa na mvi, na wazee wa baraza wawili walikaa pembeni yake. Yule binti alikuwa benchi la nyuma, upande wa mashahidi wa benki. Wakili wangu aliniuliza maswali mawili mepesi, akakaa upesi. Wakili wa benki akaja na ile karatasi.

"Mama, hii picha ni ya nani?"

"Yangu."

"Na saini hii chini yake?"

Nilikuwa nimejipanga kusema mengi. Nilikuwa nimeandaa hata maelezo ya kwa nini. Yote yakaniishia. "Ni yangu," nikasema. "Niliiweka mwenyewe. Binti yule alikuwepo, na kalamu ilikuwa yake. Hakughushi kitu."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Mama, unaelewa unachokisema? Kwenye faili hili kuna kiapo chako kinachosema kinyume."

"Kiapo kile ni cha uongo, mheshimiwa."

"Kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Unaweza kwenda jela."

"Naelewa."

Nikashika meza. Mmoja wa wale wazee, mama wa umri wa mama yangu, alitikisa kichwa. Sikujua kama ni kwa huruma au kwa aibu, na sijui mpaka leo. Shauri lilitupwa, na gharama zikawa juu yangu. Polisi waliniita mara mbili nikaandika maelezo. Mara zote mbili nilibeba kanga ya akiba na mswaki kwenye mkoba, nikijua huenda nisirudi. Baada ya hapo sikuitwa tena. Yule binti alirudishwa kazini, na nilisikia alihamishiwa mji mwingine baada ya kujifungua. Hakuja kuniaga. Sikumtarajia, maana nilikuwa nimemwondolea jiwe ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyemtwisha.

Mnada ulifanyika asubuhi. Dalali alikuja na kipaza sauti, mtendaji wa mtaa alisimama kando, na watu kama thelathini walikusanyika, wengi wao si wanunuzi. Nyumba ilikwenda kwa mtu na mkewe kutoka Tanga. Mke aliingia ndani kuangalia vyumba, akanikuta jikoni nafungasha vyombo. Akanisalimia kwa unyenyekevu, akauliza maji yanatoka siku zipi. Nikamwambia. Nikamwonyesha na mahali bati linapovuja mvua ikitoka upande wa mtoni. Wengi waliniita mjinga, wengine nikiwa nasikia. Jirani mmoja, mwanamke niliyempenda, aliniambia, "Benki haina mama wa kuililia. Ungenyamaza tu." Aliyasema hayo huku akinisaidia kubeba godoro.

Benki ilipokata deni lake na gharama zake kilibaki kitu kidogo, nacho kilikuwa cha mume wangu kwa haki. Hakukileta nyumbani. Alikipeleka Handeni kwa wale watu kumi na mmoja, pamoja na pesa iliyopatikana mashine ilipouzwa kwa amri ya mahakama. Kila mmoja alipata karibu nusu ya alichodai. Ile nusu nyingine sheria isingeweza kuipata, kwa sababu kampuni ilikuwa imekwisha. Mume wangu aliwaambia ataimaliza yeye, kwa mahindi, kila mavuno, akiwa hai. Mzee wa Kimasai alimpa mkono. Wengine walisema watasubiri waone.

Tulipanga vyumba viwili Manundu, hapahapa Korogwe. Duka langu lilibaki. Binti yetu alirudi shule ya serikali, na siku ya kwanza alivaa sare ya zamani iliyombana mabegani. Mume wangu alipata kazi ya kupima magunia kwenye mashine ya mtu mwingine mjini Handeni, na msimu ulipofika akaenda Kwaluguru kulima shamba aliloachiwa na baba yake. Mimi nilifunga duka wiki mbili nikaenda kupalilia naye. Mwaka ule viwavi viliingia, tukavuna kidogo. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wote, hata wale ambao wangeyaona mashamba yetu kwa macho yao.

Mwaka uliofuata tulivuna vizuri zaidi. Tulimpelekea shangazi gunia nne kwa mkokoteni. Alizifungua moja moja, akachota mahindi kwa kiganja, akayanusa, akauma punje kujua kama yamekauka.

"Zimebaki kumi na mbili," alisema.

"Kumi na mbili, shangazi," mume wangu akaitikia.

Alituambia tukae. Akapika, tukala, akauliza habari za binti na shule yake. Habari za kesi hakuuliza. Tulipoaga alinipa mboga za mlenda zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Mume wangu alimwita "mama," jina alilokuwa akimwita utotoni, na yeye akaitika huku ameinama anapanga masufuria.

Njiani, tukisubiri gari la kurudi Korogwe, mume wangu aliniuliza swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu siku ile ya baraza. "Yule binti asingekuja dukani, ungesema?"

Nilifikiri kweli, sikutaka kumjibu kwa pupa. Nikamwambia sidhani.

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua mlenda mikononi mwangu akaushika yeye. Gari lilikuja limejaa magunia, tukapanda.